Malindi tuache magari tupande baiskeli? Mjadala

Mwalimu wa Muyeye
Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeuza gari, kazini sasa naenda kwa baiskeli. Mji wetu ni tambarare, kutoka Muyeye hadi sokoni hakuna kilima cha kumtoa mtu roho, lakini wenye uwezo hatupandi. Kwa nini? Ya afya na bei ya petroli tuyaache, mimi naulizia vifo. Barabara za Kenya zinaua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na wengi wao ni waenda kwa miguu na watu wa pikipiki. Wa ndani ya gari ana bati na mkanda, wa nje ana nguo alizovaa. Mimi nimeamua kutoka upande wa wanaoua. Mwaonaje?

Probox Nyeupe
Mwalimu, hapo kwa "wanaoua" umetutukana. Niko barabara ya Mombasa tangu enzi za Michuki, waziri wa uchukuzi, alipotuletea mikanda na vidhibiti mwendo 2004, na sijamgonga hata kuku. Njoo Kijiwetanga saa moja ya usiku uone: mtu kavaa nyeusi, baiskeli haina taa, kuni zimetokeza huku na huku. Nikimkwepa nakutana uso kwa uso na lori. Nisipomkwepa, muuaji ni mimi. Tena tuseme ukweli, baiskeli Malindi ni za wabeba tembo la mnazi wa Ganda na wauza mkate. Msomi kupanda baiskeli ni kutaka kuonekana tu.

Mja wa Ganda
Wabeba mnazi wa Ganda ni baba zetu, Probox. Karo yangu yote imetoka kwenye ule mnazi. Baba alikuwa na baiskeli nyeusi ya Phoenix, mtungi wa lita 20 ubavu huu, mwingine ubavu ule, wa tatu juu ya keria umekazwa kwa mpira wa tyubu. Breki zilikuwa zimekwisha kitambo, alikuwa akisimamisha kwa kukandamiza akala kwenye tairi la nyuma, mpaka kisigino cha kiatu kikawa kimelika upande. Alfajiri bado giza ameshatoka. Magari ya watu kama wewe yalikuwa yakimpigia honi ashuke kwenye mchanga, na akishuka na mizigo ile, kuirudisha baiskeli juu ya lami ni kazi ya watu wawili. Hebu niambie, huo mkate unaokula na chai asubuhi umeletwa na Probox?

Probox Nyeupe
Sijamtukana baba wa mtu. Nimesema mambo yalivyo.

Mja wa Ganda
Umesema "msomi". Maana yake mzee wangu si kitu. Rudi usome ulichoandika.

Fundi Spoki
Wazee, taratibu. Mimi nimezaliwa kwenye karakana ya baiskeli hapa Malindi. Zamani bodaboda ilikuwa baiskeli, kiti cha sponji nyuma, abiria kakaa upande. Serikali ikaziondolea kodi pikipiki ndogo za chini ya CC 250 mwaka 2008, baada ya hapo vijana wote wakahama. Hakuna aliyeona haya kupanda baiskeli kabla ya hapo. Haya imekuja na pikipiki. Na ajali pia zimekuja nazo, kwa sababu mtu aliyekuwa akienda mwendo wa mbio za mguu sasa anakwenda 70 akiwa amebeba watatu.

Bi Mtangani
Nawasoma tangu juu, wanaume mnagombania heshima ya baba zenu. Mwalimu, katika hao "wenye uwezo" wako umo mwanamke? Nilipanda baiskeli ya kaka yangu nikiwa msichana, pindo la buibui likanaswa na mnyororo, nikaanguka mbele ya kibaraza kimejaa watu. Maneno niliyoyasikia siku ile ndiyo yaliyonishusha, goti lilipona.

Kibaraza cha Shella
Bi Mtangani, kwa heshima zote, mwanamke na baiskeli haipendezi. Kila jambo lina mahali pake.

Bi Mtangani
Haimpendezi nani? Nyuma ya pikipiki ya kijana nisiyemjua, nimemshika mabega, hapo yapendeza? Hilo mnaliona kila siku na hamsemi neno. Nenda Unguja, Paje na Jambiani, uwaone wanafunzi wa kike na hijabu zao wanakwenda shule kwa baiskeli. Au wale si Waislamu?

Fundi Spoki
Bi, hilo la pindo lina dawa. Tafuta baiskeli ya kike, isiyo na mtaimbo wa juu, uwekewe kava ya mnyororo mzima na wavu kwenye gurudumu la nyuma. Nimewafungia watu. Kava usinunue ya plastiki, hupasuka mara moja. Bati jepesi.

Kijana wa Langoni
Nawasalimu kutoka Lamu. Malindi mmejitakia. Mji Mkongwe wetu, ulioingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, watu wanatembea na mizigo inabebwa na punda. Mtoto anatumwa dukani na mama hana wasiwasi. Shida yetu imeanza pikipiki zilipoingia kisiwani. Sasa wazee wanatoka msikitini wakiangalia huku na huku kama wako Mombasa.

Probox Nyeupe
Ndugu wa Langoni, Lamu ni kisiwa. Unga wenu na saruji yenu hufika Mokowe, gati yenu ya bara, kwa malori, na malori yale hupita hapa kwetu kabla hayajavuka mto Sabaki. Amani yenu sisi tunailipia.

Kijana wa Langoni
Basi ukubali kwamba hayo malori yanawadhuru. Ndicho alichosema Mwalimu.

Nesi wa Zamu
Mimi nawapokea usiku. Hatuna haja ya kubishana nani ana heshima. Shirika la Afya Duniani limesema wazi: gari likimgonga mtu kwa mwendo wa kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni mara nne na nusu ya pale linapomgonga kwa 50. Mjini sheria inasema 50. Nani anakwenda 50 barabara ya Lamu jioni? Baiskeli na taa yake na kila kitu, akigongwa na mtu wa 80, mimi sina la kufanya.

Mwalimu wa Muyeye
Ahsante Nesi. Hata Uholanzi, tunayoisikia kwa baiskeli, mwaka 1971 magari yaliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani kupiga kelele mpaka serikali ikabadilika. Hawakuzaliwa hivyo.

Tuktuk ya Barani
Uholanzi tena! Hata mtaro mmoja mmeshindwa kuupata kwa gavana wenu, mtamwomba njia ya baiskeli?

Mwalimu wa Muyeye
Barabara ya Mombasa si ya gavana, ni ya KeNHA, mamlaka ya taifa ya barabara kuu. Kaunti haiwezi kumwaga hata tuta pale. Mitaa ya ndani ndiyo ya kaunti, na huko ndiko watoto wanakopita.

Bi Mtangani
Basi tuanze huko. Kwetu karibu na shule tuktuk na pikipiki zinashuka na mteremko kama zinafukuzwa. Tuandike barua kaunti, tupate tuta kabla ya lango la shule. Nitazunguka na karatasi mwenyewe kwa wazazi.

Tuktuk ya Barani
Matuta yanaua shokamzoba. Tuktuk si yangu, ni ya mwenyewe, jioni anataka hesabu yake kamili. Likivunjika spring nalipa mimi.

Bi Mtangani
Na mtoto akivunjika analipa nani?

Tuktuk ya Barani
Bi, nina watoto watatu shule hiyo hiyo. Sijasema msiweke. Msiweke kwenye kona, tuktuk iliyojaa hupinduka. Wekeni juu kidogo, kabla ya kona, mtu awe ameshapunguza mwendo anapoliona lango.

Mja wa Ganda
Probox yuko kimya.

Probox Nyeupe
Nipo, nilikuwa na abiria. Hilo tuta mlipake rangi, na muipake upya kila mvua zikiisha. Lile la Gede halina rangi na nimeona pikipiki ikiruka nalo usiku.

Bi Mtangani
Rangi ipi, nyeupe au njano? Nataka niiandike kwenye barua.