Ametua kikombe cha chai juu ya matokeo yangu ya miaka mitatu

Wakuu, nawaandikia nikiwa stendi ya Igumbilo hapa Iringa, nasubiri basi la kurudi Mbeya, na mikono bado inatetemeka kwa hasira. Yule bwana wa dirisha la mwisho pale ofisi ya chuo kikuu, ambaye kila aliyewahi kupeleka karatasi pale anamjua kwa koti lake na kwa kutoinua macho, leo ametua kikombe cha chai ya maziwa juu ya matokeo yangu ya stashahada. Hakuteleza mkono. Aliivuta karatasi, akainyoosha kwa kiganja, kisha akakiweka kikombe juu yake kama mtu aliyetandika kitambaa cha meza.

Nilichoomba ni kusamehewa masomo manne ya mwaka wa kwanza wa shahada ya uhasibu: misingi ya uhasibu, hisabati za biashara, stadi za mawasiliano na matumizi ya kompyuta. Yote nimeyasoma Mbeya na nimeyafaulu, na nilibeba mihtasari ya kila somo yenye mihuri ya chuo, mzigo ambao punda angeukataa. Kipimo ni kilekile pande zote mbili, kwa kuwa krediti 1 ni saa 10 za kujifunza na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, uwe chuo cha stashahada kilicho chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, au chuo kikuu kilicho chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Sasa saa zangu zimekwenda wapi?

Alipiga funda moja, akakirudisha kikombe palepale, akasema bila kufungua muhtasari hata mmoja: "Binti, hapa ni chuo kikuu, utaanza upya kama wenzako." Alikirudisha palepale, wakuu! Duara la chai limekaa juu ya wastani wangu wa 4.1. Mama yangu ameuza ndizi Tukuyu miaka mitatu kwa ajili ya ile 4.1, na leo haisomeki.

Mkulima wa Uyole: Pole dada, ila unachanganya mambo mawili. Wastani wa 3.0 na kuendelea unakufungulia mlango wa kudahiliwa kwa stashahada, lakini haukurushi darasa. Chuo kinachokupokea ndicho kinachopima kama somo lako lina kina kinachotakiwa, na kazi hiyo ni ya idara. Umekwenda kumlilia mtu wa dirishani ambaye hana mamlaka ya kukupa hata krediti moja, halafu unashangaa kutoka mikono mitupu. Ungeandika barua kwa mkuu wa idara.

Mwenye uzi: Barua niliiandika, ndugu yangu. Ilikuwa chini ya matokeo, na chai imepenya hadi huko.

Binti wa Kihesa: Namfahamu vizuri sana. Mimi aliniuliza kama chuo nilichotoka kina paa. Nimerudia masomo matano ambayo ningeweza kuyafundisha nikiwa usingizini, na ada nimelipa kamili.

Mjomba wa Makambako: Msidhani tatizo hili ni la Nyanda za Juu Kusini peke yake. Kule Marekani kuna vyuo vya kijamii vya miaka miwili, ambako mwanafunzi hukusanya krediti kama 60 kisha akahamia chuo kikuu kumalizia shahada ya krediti 120, na hata huko watu hulia. Ripoti ya mwaka 2017 ya ofisi ya ukaguzi ya bunge lao ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Jimbo la Florida limelishughulikia kwa kulipa somo lilelile namba moja katika vyuo vyote vya umma, hivyo anayehama habishani na mtu kuhusu kilichofundishwa. Sisi tunashindwa nini, ilhali saa za krediti tunazihesabu kwa namna moja?

Mkulima wa Uyole: Namba ya somo haifundishi mtu, Mjomba. Nimewaona wenye stashahada wakianguka mwaka wa pili kwa sababu waliruka hisabati.

Binti wa Kihesa: Na waliotoka kidato cha sita hawaanguki? Usitutukane.

Mtu wa Mafinga: Ninyi mnalilia masomo manne, mimi hata kuomba sijaweza. Chuo changu hakijawasilisha matokeo yangu, kwa hiyo AVN, ile namba ya kuthibitisha stashahada, haitoki, na bila AVN mwenye stashahada haombi chuo kikuu chochote. Kila nikipiga simu naambiwa nisubiri wiki ijayo, na wiki ijayo ya kwanza niliambiwa wakati mahindi yanapandwa. Sasa tumeshavuna.

Mkulima wa Uyole: Hilo sasa ndilo tatizo la kweli. Nenda mwenyewe kwa ofisa mitihani, usipige simu.

Mwenye uzi: Wakuu, naombeni mnijibu kuhusu kikombe. Nakala halisi ndiyo hiyo moja.

Mtu wa Mafinga: Nilikwenda mara tatu, Mkulima. Mara ya tatu nikaambiwa jina langu la kati limeandikwa tofauti na la cheti cha kidato cha nne.

Binti wa Kihesa: Hata langu! Wewe uliambiwa upeleke nini?