Ekzosi ya kelele kwenye Boxer 150, inaongeza mwendo?

Mzee wa Gia: Wakuu, pikipiki yangu ni Boxer 150 ya kabureta, ekzosi bado ya kiwandani. Muuzaji anasema ya kelele inaongeza mwendo. Nifunge?

Spana 10: Acha. Kwa injini hiyo kinachoongezeka ni sauti tu. Ukifungua njia ya moshi bila kugusa kabureta, hewa inazidi mafuta: injini inachemka, na ukiachia mafuta inapiga "pa pa pa". Chomoa plagi uitazame: kahawia ni salama, nyeupe ujue mafuta hayatoshi. Ukiwa king'ang'anizi, panda jeti kuu (kile kitundu cha kupitisha mafuta ndani ya kabureta) saizi moja kwanza, kisha angalia plagi tena.

Fundi Mtaa wa Pili: Naongezea, milio hiyo si kabureta kila mara. Gasketi ya shingo ya ekzosi ikishafunguliwa usiirudishe, weka mpya. Nati mbili zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, la sivyo flanji (bamba linalobana shingo kwenye injini) inakaa upande na kuvuta hewa. Washa injini ikiwa ya baridi, paka maji ya sabuni pale kwenye maungio. Yakitoa mapovu, inavuja.

Kijiwe: Na usitoboe ekzosi ya zamani kutoa matumbo yake, yale ya ndani yanayopunguza kelele! Ukikamatwa kwa kelele utarudisha ipi?