Mimi AS, mchumba AS. Tufanyeje?

Mkulima_Newala: Wakuu, tumepima damu juzi, wote tumeambiwa ni AS, yaani tunabeba jeni ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mahari nimeshatoa, korosho zote za msimu zimeishia huko. Shangazi anasema ni mkosi wa ukoo.

MamaMikindani: Mkosi gani! Ni jeni, moja kwako, moja kwake. Kila mimba ina asilimia 25 ya kuzaa SS, yaani mtoto anayeugua selimundu yenyewe, na hesabu inaanza upya kila mara. Mimi wawili wa kwanza wote SS. Mdogo vidole vikianza kuvimba, najua usiku huo hatulali.

Kijana_Lindi: Uingereza waliidhinisha tiba ya kuhariri jeni 2023.

MamaMikindani: Bei yake sasa! Wangu wanameza dawa ya haidroksiyurea na maji mengi.

Mkulima_Newala: Duh. Na mbuzi wa harusi keshanunuliwa.