Tupeane uzoefu: Siku ya Mashujaa ya Kenya kwenu ni ya shangwe au ya uchungu?

Mjukuu wa Nyeri: Hotuba ya tarehe 20 Oktoba ilipoanza kuwasifu wapigania uhuru, nyanya aliinuka akazima redio, ndiyo maana nawauliza. Babu alitiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, ambayo serikali ya kikoloni ilitangaza tarehe hiyo hiyo mwaka 1952 dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, na aliporudi alikuta mashamba yameunganishwa na kupimwa upya, lake likiwa limeandikishwa kwa jina la homgadi, yaani Mwafrika aliyekuwa askari wa mkoloni. Uhuru ulikuja 1963, hati zikabaki vilevile. Nyanya angali anakihifadhi kile kikebe cha kipande, kitambulisho cha enzi za ukoloni, ambacho babu alilazimishwa kukivaa shingoni. Kamba imekatika, na alama za vidole kwenye karatasi ya ndani zimefifia. Wimbo wa taifa hunisisimua, lakini siwezi kumwambia nyanya ashangilie.

Mwenzenu wa Murang'a: Kwetu pia redio huzimwa.

Mwana wa Kilifi: Pole kwa nyanya. Hata hivyo, mashujaa si wa eneo la Mlima Kenya peke yao. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kumpinga Mwingereza mwaka 1913, akahamishwa hadi Kisii, lakini mpaka Katiba ya 2010 sikukuu hii ilikuwa Siku ya Kenyatta.

Mjukuu wa Nyeri: Nimesimulia ya nyumbani kwetu tu. Usinibebeshe lawama za waliozipa sikukuu majina.

Binti wa Wajir: Nyinyi mnamlaumu mkoloni, sisi tuliumizwa chini ya bendera hii hii. Februari 1984 wanaume wa Kidegodia, ukoo wa Wasomali, walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na waliojaribu kukimbia wakapigwa risasi. Mwanzoni serikali ilikiri vifo 57, ilhali manusura husema waliokufa ni wengi zaidi, hata maelfu. Mjomba wangu alitoka hai, na mpaka leo akisikia ndege ikishuka huacha kikombe chake barazani, akaingia ndani na kufunga mlango. Machi 2015 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliomba msamaha bungeni na kuahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Mjomba angali anasubiri. Nishangilie nini?

Mwenzenu wa Murang'a: Haya ni mazito, ya mashamba yasubiri kwanza.

Mwana wa Kilifi: Yasubiri mpaka lini? Wazee wanakufa wakiwa maskwota, wakiishi kwenye ardhi wasiyo na hati zake.

Mwalimu Mstaafu: Msiende uwanjani kwenye sherehe siku hiyo. Kaeni na wazee, muandike majina ya waliouawa na mipaka ya mashamba yaliyochukuliwa, maana mashahidi wanapungua.

Dada wa Kericho: Mimi naona kinyume. Nendeni, tena mkae safu za mbele na picha za wazee wenu, kwa sababu tukisusa, watasherehekea wale wale waliofaidika.

Mjukuu wa Nyeri: Nyanya hatakwenda, ila kuandika ameafiki. Binti wa Wajir, mjomba angekubali kurekodiwa sauti, au tumwache apumzike?