Inkrimenti na nyongeza ni kitu kimoja? Wadau tuelimishane

Karani Mstaafu
Wadau, salaam. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mwenzetu mmoja, mtumishi, kasema: "Nyongeza sijapata, nimepata inkrimenti tu." Mwingine akamjia juu: hilo ni neno moja, Waingereza wanasema increment, sisi tunasema nyongeza, usituzuge. Mimi nimekaa masijala miaka 20 na ushee, naona tofauti ipo. Inkrimenti ni kusogea ngazi ndani ya daraja lako. Mwalimu alikuwa TGTS D1 (TGTS ndiyo ngazi za mishahara ya walimu wa serikali hapa Tanzania), Julai anakuwa D2, jedwali lenyewe halijaguswa. Nyongeza ni pale jedwali linapofumuliwa. Mei 2022 ilipotangazwa asilimia 23.3, hiyo ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 300,000 kwenda 370,000. Watu wakaizidisha kila mmoja kwa mshahara wake. Julai ikafika, tukasikia vilio. Sasa nauliza: neno ndilo lililotuponza, au masikio yetu?

Dogo wa Programu
Shikamoo mzee. Sisi tunaoandika programu hatuna ubishi hapo. Inkrimenti ni kuongeza moja. Unaandika i++, ilikuwa 5 inakuwa 6, kwisha habari. Hata C++ jina lake limetoka humo humo, ni C iliyosogezwa hatua. Aliyepata inkrimenti kasogezwa moja, anune nini? Ila walimu wa kata nao, asilimia yenyewe inawapiga chenga, maana ya neno wataijulia wapi.

Mwl. Chaki
Futa hiyo kauli. Aliyekufundisha kuhesabu moja mpaka kumi ni nani, hiyo kompyuta? Sisi asilimia tunaijua. Julai ile nilifungua salari slipu kwenye simu, nikawa nasogeza kidole chini, nasogeza, nikidhani sijafika mwisho. Kumbe mwisho ndio ule. Nilishamwambia fundi aje apime bati. Unajua kumpigia fundi simu ya pili kumwambia asije?

Dogo wa Programu
Nimerusha jiwe gizani, mwalimu. Aliyelia ndiye limempata.

Mwl. Chaki
Gizani ni kwenu. Sisi watoto kama wewe tunawajua tangu darasa la tatu, mnakaa nyuma, mdomo mrefu, daftari tupu.

Binti Wete
Jamani, mleta mada kauliza neno. Increment asili yake Kilatini, incrementum, na ndani yake mna kitenzi crescere, yaani kukua. Humo humo limetoka neno crescent la Kiingereza, hilal yetu, na ule mkate wa Wafaransa, croissant, uliopinda kama mwezi mchanga. Kwa hivyo maana ya ndani ni kukua kama mwezi, usiku kwa usiku, kidogo kidogo. Mzee yuko sawa kwa upande huo. Nyongeza haina sharti la udogo. Na ongeza yetu nayo mbona tamu ukiipekua: tembea tembeza, potea poteza, ongea ongeza.

Dalali wa Mbezi
Kumbeee! Ndiyo maana mishahara yao kila Mei Mosi inaongea tu haiongezeki 😂😂

Ticha wa Isimu
Binti Wete, taratibu. Kufanana kwa umbo si ushahidi. Ongea ya kupiga soga na ongeza ya kujaza, nani kakuambia ni mzizi mmoja? Kesho utatuambia pakua na pakia ni ndugu.

Binti Wete
Pakua na pakia NI ndugu, ticha. Kimoja kinapandisha mzigo, kimoja kinateremsha. Mfano wako mwenyewe umekugeuka.

Ticha wa Isimu
Sikuwa na maana hiyo.

Dalali wa Mbezi
Ticha kapakuliwa.

Mswahili wa Likoni
Nyinyi mwatuchosha. Sisi Kenya Mei Mosi ya 2024 tuliambiwa kima cha chini asilimia 6, ya 2025 tukaambiwa 12. Twaita nyongeza, na hakuna aliyeuliza Kilatini. Swali letu ni moja tu: tajiri atalipa ama hatalipa?

Dogo wa Programu
Sasa huyu naye. Mkenya anakuja kutufundisha Kiswahili?

Mswahili wa Likoni
Ndugu yangu, babu wa babu yangu alisemea Kiswahili hapa pwani. Wewe hiyo "i" na vijumlisho vyako viwili ni Kiswahili cha wapi?

Mama Nyanya Tandale
Mimi sipo kwenye jedwali la mtu. Nyongeza naijua ya hapa mezani. Mteja anachukua fungu la elfu, anasema mama nyongeza, namtilia nyanya moja, ile yenye kovu. Anaondoka anashukuru. Asubuhi wakati napanga, kila fungu nilishalitoa mbili.

Mwl. Chaki
Yaani ninyi ndio mnaotumaliza! Mtu anakata mbili, anarudisha moja, halafu anashukuriwa?

Mama Nyanya Tandale
Tenga likipanda bei nifanye nini mwalimu? Niandike i++?

Dalali wa Mbezi
Mama kashinda mada. Funga uzi.

Karani Mstaafu
Usifungwe kwanza. Hiyo nyanya ya mama ndiyo naitafuta tangu asubuhi. Mei Mosi 2025 pale Singida ikatangazwa asilimia 35.1, kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Safari hii kijiweni hakuna aliyezidisha kwa mshahara wake, kila mtu kawa mpole, "tusubiri slipu." Ndiyo kusema neno tumeshaliogopa. Nilitaka mtumishi mmoja wa daraja la kati aseme kilichoingia, kingeitwaje kwa haki: nyongeza au inkrimenti? Mwalimu Chaki, wewe upo D ngapi?

Mwl. Chaki
Mzee wangu nakuheshimu, ila slipu yangu siiweki hapa. Huyo dogo bado hajafuta kauli.

Dogo wa Programu
Moja mpaka kumi nilifundishwa na bibi.