Mnaopeleka watu kuzamia kwenye meli iliyozama Mtwara, mtakuja kuua mtu!

Wakuu, naandika nina hasira na sirembi.

Jumamosi tumetoka na boti hapa Mtwara kwenda kuzamia kwenye mabaki ya meli. Tukaambiwa kina ni mita 9. Hizo ni za maji kupwa! Siku za bamvua bahari yetu inapanda mita 3 na zaidi, na sisi tulishuka maji yamejaa. Hilo ningelimeza. Kilichonichefua ni kiongozi kutuingiza tumboni mwa meli, akiwemo binti aliyemaliza kozi ya awali juzijuzi tu, kozi ambayo haimfundishi mtu kuingia ndani ya meli. Kamba ya kuongozea hakuna. Tochi moja, anayo yeye, na yeye yuko mbele.

Pezi la mmoja likagusa sakafu, tope likafumuka, maji yakawa kama chai ya maziwa. Nyuma yangu nasikia mtungi unagonga chuma. Hosi ya yule binti imenasa kwenye bomba lililoliwa na kutu. Nikaipapasa kwa vidole mpaka ikachomoka, nikaivuta geji yake ya hewa hadi kwenye kioo cha miwani yangu: zimebaki baa 40 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini). Wanaoingia ndani ya meli hutenga theluthi ya hewa ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Mtungi ulianza na 200, pigeni hesabu wenyewe.

Tumerudi botini namuuliza kiongozi, ananijibu, "Kaka, mbona hapa kina kifupi, ukishindwa unapanda tu."

Unapanda wapi na juu yako kuna chuma? Hata ukiwa nje ya meli, kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Mtu akitaharuki, akabana pumzi na kukurupuka kwenda juu, hewa iliyomo kifuani inatanuka kufikia mara mbili. Mapafu yanapasuka. Na ni hizo mita 10 za juu ndizo hatari zaidi kwa hilo, si kule chini sana!

Nikauliza oksijeni ya dharura. Haipo. Chemba ya kutibu wazamiaji ninayoijua mimi iko Zanzibar, sasa hebu fikiria mgonjwa anaanzia Mtwara.

Pesa yangu sitaki. Mwenye biashara najua unapita humu. Jibu hapahapa mbele za watu: oksijeni inapanda lini kwenye hiyo boti, na nani alimruhusu kijana wako kuingiza wanafunzi mle ndani?