Mjadala: Saratani ya mapafu iliyochelewa kugundulika, mionzi mara mbili au mara kumi?

Ndugu zangu wa Kanda ya Kati, hili tulijadili waziwazi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani ya mapafu kutoka Kondoa au Mpwapwa amekuwa akipewa rufaa ya mionzi kwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Wengi hufika ugonjwa umeshasambaa. Hapo mionzi haiponyi, ila inapunguza kukohoa damu, maumivu ya kifua na kubanwa pumzi. Sasa apigwe mara ngapi?

Mimi nasema mara mbili zinatosha. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kulinganisha grei 17 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa awamu mbili, yaani kupigwa mara mbili, wiki moja katikati, na ratiba ndefu kama grei 30 kwa awamu kumi. Nafuu ilikaribiana, na muda wa kuishi pia. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba kwa waliodhoofika sana hata awamu moja ya grei 10 inaleta nafuu. Awamu kumi ni wiki mbili za gesti na chakula, pamoja na ndugu wa kumsindikiza aliyeacha shamba la uwele wakati wa palizi. Treni ya SGR imefupisha safari ya Dar, lakini gharama ya kulala mjini iko palepale.

Mchangiaji, Singida: Mkuu, hapo ndipo maskini anapopunjwa. Watafiti haohao mwaka 1996 waliwapima wagonjwa ambao bado wana nguvu: waliopata grei 39 kwa awamu 13 waliishi kama miezi 9, wa awamu mbili miezi 7. Miezi miwili baba yako akiwa hai, wewe utaiita midogo?

Muuguzi, Dodoma mjini: Kaka zangu, mnabishania awamu wakati mgonjwa ameshamaliza miezi sita ya dawa za TB ilhali makohozi hayakuonyesha vimelea, kisha anaanzishiwa tena! Kikohozi kisipopona, apelekwe akapigwe picha ya CT ya kifua na kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara. Bila majibu ya kinyama, kwa kawaida hakuna daktari wa kumpangia mionzi.

Mwanzisha mada: Dada muuguzi, hilo sina la kupinga. Na wa Singida, miezi miwili si midogo. Mwenye nguvu aelezwe ratiba zote mbili, faida na gharama zake, achague mwenyewe. Tena ambaye ugonjwa bado uko kifuani tu na mwili unahimili, huyo anastahili tiba kamili: awamu kama 30 kwa wiki sita pamoja na kemo, yaani dawa za saratani. Asipunguziwe hata moja kwa sababu ya nauli. Hapo ndipo bima na halmashauri zibebe malazi.

Ninachokataa ni mgonjwa asiyeweza hata kutembea kuwekwa Dar wiki mbili kwa sababu familia inaamini awamu chache maana yake madaktari wamemkatia tamaa. Waelezwe hapahapa Dodoma, kabla hawajauza ng'ombe.